Wimbo wa Tatu Unakatika

Mazwi, Sumbawanga.
11 Juni 2001

Ndugu Mwimbaji Oskari Vuolle,

Salamu kutoka kwenye baridi yetu. Mimi ni mjane wa Kornel, fundi baiskeli, aliyeachiwa kaseti yako na Mfini mmoja aliyekuwa akichimba visima Chala. Mfini huyo, ambaye atakutafsiria barua hii, ndiye aliyetuandikia kwamba umeiacha bendi yako ya magitaa makali, umenyoa nywele, na sasa unatunga nyimbo za taratibu. Tarehe 2 Agosti tuna misa ya mwaka ya Kornel, na kwa hali hiyo haitakwenda sawa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeacha kazi bila kutuarifu. Kornel alikuwa akipeleka redio kwenye shamba la ulezi, na ulipopandisha ile sauti yako ndege wote walihamia kwa jirani yetu Masunga. Betri zikichoka alizianika juu ya bati. Mwaka huu nilipeleka kaseti yako mpya, aliyotutumia Mfini. Ndege walitulia, wakakusikiliza huku wanakula.

2. Nywele. Picha ya kaseti ya kwanza, una nywele hadi kiunoni na shati jeupe, mama mkwe wangu Redempta aliibandika kando ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Katekista Polikarp akamwambia, "Mama, huyu si mtakatifu, amevaa hereni." Mama akamjibu, "Walimtoboa, akavumilia." Amesali mbele yako miaka mitano, na ng'ombe wetu wawili wamezaa salama. Sasa ameiona picha mpya, umenyolewa kama karani wa benki. Ananiuliza kama wale ndama bado ni halali.

3. Wimbo wa tatu, alioupenda marehemu kuliko yote, unakatika katikati. Kila ulipokaribia hapo Kornel aliwahi kuzima, akaitoa kaseti na kuizungusha kwa kalamu, akiniambia, "Ndivyo alivyouimba, mama." Mtu mzima haachi wimbo njiani kama aliyeitwa akanunue chumvi.

Kwa hiyo naomba ufuge nywele, urudi kwa wenzako uwaombe radhi, kisha uimbe wimbo wa tatu wote bila pengo, kaseti itufikie kabla ya misa. Ikishindikana, njoo uimbe mwenyewe kanisani. Paroko hajaulizwa, lakini Polikarp ameshakataa kwa niaba yake. Uje na sweta.

Wasalimie mama yako na bendi nzima, isipokuwa kinyozi. Redempta anakusalimu. Masunga pia, ambaye peke yake ameridhika na uamuzi wako.

Ni mimi niliyebaki na redio,
Stefania

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimeipiga kaseti ya kwanza, mara ya kwanza tangu mazishi, ili nikuandikie ni wapi hasa wimbo wa tatu unapokatika. Safari hii hapakuwa na wa kuizima. Pale unaponyamaza anaingia Kornel. Anaitafuta sauti yako ya juu, haipati, anakohoa. Mama anauliza kutoka jikoni, "Nani amekanyaga mbuzi?" Anajibu, "Ni mimi, Mama. Nimebonyeza pabaya, pa kurekodi. Usimwambie Stefania." Kisha wewe unaendelea.

Tafadhali usiurudie wimbo wa tatu. Nyoa tu.