Maneno ya Chaki Ndani ya Picha

Jumatatu, 6 Februari 1995
Mzee Venant ametamka. Jumamosi atachagua nani abaki kwenye studio yake ya picha hapa Mirongo: mimi au Sharon. Sharon huwachekesha wateja hadi mtoto anayelia ananyamaza. Mimi sauti hukwama kooni. Nikikosa, nakwenda Magu kwa mjomba kupalilia pamba. Lakini nina mpango! Nisichoweza kusema, picha itasema.

Jumanne, 7 Februari
Nimejaribu. Nimeandika kwa chaki kwenye ubao mweusi, nikapiga picha. Nikarudisha filamu mwanzo, nikampiga picha paka mweusi wa jirani juu yake. Paka ametokea na neno "Mwizi" kifuani, jeupe kabisa! Nilikaribia kupiga kelele. Sikupiga.

Alhamisi, 9 Februari
Daftari lina wateja watatu wa kesho. Precious, anayeolewa na Masele baada ya Pasaka. Obedi, anayekwenda kusomea uchungaji. Bibi Ng'washi wa Buzuruga. Nimepiga picha maneno yao kwa mpangilio huohuo: "Mchumba wa Masele", "Mchungaji Mtarajiwa", "Bibi wa Wajukuu Kumi na Tisa". Filamu nimeirudisha mwanzo, imo ndani ya kamera. Sharon kauliza natabasamia nini. Nimesema jino linauma.

Ijumaa, 10 Februari
Maafa. Bibi Ng'washi kaingia wa mwisho, na mkongojo. Precious na Obedi wakampa shikamoo, wakainuka, wakamtanguliza. Heshima hiyo sikuifikiria! Nilitaka kumwomba asubiri. Nani amwambie bibi asubiri? Nikapiga picha hivyohivyo.

Jumamosi, 11 Februari
Picha zimesafishwa. Precious ni mchungaji. Obedi, na suti yake, ni bibi wa wajukuu kumi na tisa. Sharon kacheka hadi kakaa chini. Mzee Venant hakucheka. Bibi Ng'washi hajui kusoma, akaomba asomewe yake. Nikasoma mimi, kwa sauti ndogo.
Bibi akaitazama sana picha.
"Masele yupi huyo?" akauliza. "Ana ng'ombe wangapi?"
Hapo hata Mzee Venant akacheka, machozi yakamtoka. Bibi ametaka nakala sita, awapelekee dada zake. Obedi kasema yake atampa mama yake, afurahi. Tumebaki wote wawili: Sharon wa kusema, mimi wa kuandika. Ila Mzee amesisitiza, kila nikitaka kuandika nimuulize kwanza.

Jumapili, 12 Februari
Kesho wanakuja walimu kumi na wawili, picha za vitambulisho. Maneno yao nimeshayapiga. Safari hii wazee nimewaweka mbele, hakuna cha kuharibika. Mzee Venant nitamuuliza picha zikishasafishwa.