Namna Fancy Alivyopandishwa Ngazi

Jumatatu, 3 Machi
Mgongo umekufa. Kutwa nzima tulipandisha mawe ghorofani kwenye mjengo, Nyali, huku pwani. Jioni mke wangu Rispa akapiga simu kutoka Siaya. Binti yetu Fancy ana maumivu ya mifupa tena. Ni selimundu, ule ugonjwa wa damu, ndiyo maana anasomea nyumbani. Mwalimu ni mama yake, na darasa zima ni yeye peke yake.

Nimemwandikisha kwenye jukwaa la mtandaoni la watoto kama yeye. Kuna ngazi tatu. Msomaji anasoma tu. Mchangiaji anatuma insha. Mwandishi anakutana na wenzake kwa video kila Jumamosi. Fancy hana mwenzake hata mmoja. Lazima awe Mwandishi. Tatizo: insha iwe ya mtoto mwenyewe, na mtoto amelala. Mimi sijalala.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika "Bahari Yetu" kwa jina la Fancy. Bi Zuleikha, mwenye nyumba wangu hapa Kisauni, akaisoma. Akauliza ni nani aliyenifunza Kiswahili hiki, adui yangu? Akairekebisha yote. Akatia maji kupwa, maji kujaa na harufu ya mwani. Wallahi, akasema, sasa mtoto amezaliwa hapa.

Alhamisi, 6 Machi
Fancy ni Mchangiaji! Mwalimu Mastura, msimamizi wa jukwaa, amesema mtoto huyu ana jicho la kuona mambo. Anayetutangulia ni Janice fulani, miaka tisa, na hadithi zake za paka. Ili upande lazima pia uwasaidie wenzako kwa maoni. Nimemsaidia Janice. Nimemwambia paka wake hana uzito. Mamake akajibu, akauliza Fancy analelewa na nani. Rispa hajui lolote kuhusu haya.

Ijumaa, 7 Machi
Insha nyingine ya pwani, na Fancy ni Mwandishi. Nilipompigia alicheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu Krismasi. Akauliza amepandaje, na yeye alikuwa kitandani. Nikasema hayo ni mambo ya ofisini. Akauliza kama wenzake watamwona uso. Nikasema watamwona.

Jumamosi, 8 Machi
Rispa aliazima simu ya dada yake. Fancy akavaa gauni la kanisani. Mwalimu Mastura akamkaribisha, akamwomba awaeleze wenzake mwani unanukaje. Fancy akasema hajawahi kufika baharini. Baba ndiye yuko huko. Janice akauliza basi ni nani aliyeandika. Fancy akaanza kulia, Rispa akazima simu.

Ameshushwa hadi Msomaji. Rispa alisema mengi. La mwisho, kwamba bahati yangu niko mbali.

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu Mastura ana roho nzuri. Fancy atume kitu chake mwenyewe, hata kifupi, na Jumamosi atarudi darasani. Wakigundua mkono wa mtu mzima tena, jina lake litafutwa kabisa.

Fancy ameandika, mto ukiwa chini ya goti. Simu ya Rispa ni kabambe, ile ya vitufe, haifungui mtandao, kwa hiyo Fancy alinisomea nimtumie mimi. Akasema niandike kama ilivyo, nisiguse hata nukta. Nikaapa.

"Sindano inauma. Mama hunishika mguu. Mimi hutazama dirishani mpaka iishe."

Niliisoma mara tatu.

Lakini hakusema nje ya dirisha kuna nini. Watu watauliza. Nimemwekea twiga wawili na mtoto wao. Nimetuma.