Kabichi Iliyokataa Kujitegemea

Jumatatu, 4 Machi
Makomredi! (Leo, shajara, wewe ndiwe umati.) Mwalimu wa maabara ametangaza vita: nisipomwonyesha vijibomba vya chavua, vile vimirija vinavyoota kwenye chembe zake, vikilifikia yai la ua kufikia Alhamisi, nimefeli. Anayefeli mara mbili hufungasha virago. Mimi nimekwishafeli mara moja.

Mshindani wangu, dada tumwitaye Kamusi kwa kujua kila kitu, akanishauri nitumie chavua ya kabichi yake. Nikamjibu kwamba ukombozi wa kweli ni kujitegemea: kabichi yangu itajichavusha yenyewe! Akacheka hadi akashika meza. Kicheko cha kibepari.

Jumanne, 5 Machi
Hakuna kijibomba hata kimoja! Mwalimu akaeleza kwamba seli za ua huihoji chavua kwanza. Ikiwa ni ya mmea uleule, haipewi njia. Ubaguzi mtupu! Nimeihutubia kabichi dakika ishirini. Kamusi akapita, akauliza kama imeshajibu.

Jumatano, 6 Machi
Kamusi alipokwenda kunywa chai, nilitaifisha chavua yake. Kidogo tu. Haya, brashi nzima.

Mama akapiga simu kuuliza masomo. Nikamwambia tunasonga mbele. Akasema nikianza kusema "tunasonga", yeye hujua nimekwama peke yangu.

Alhamisi, 7 Machi
Vimeota! Mwalimu aliinamia hadubini, akasimulia: kando ya yai zipo seli mbili zinazotoa kemikali za kuita. Kijibomba huufuata wito, hufika, hupasuka na kumwaga mbegu zake za kiume. Kati ya seli hizo mbili, ile iliyokipokea hufa. Kisha wito hunyamaza, na vijibomba vingine hugeuza njia.

Machozi yakanilenga. Shujaa asiye na kaburi! Nikapanda kiti kumwomboleza. Kiti kikayumba, kiwiko kikapiga slaidi. Vipande, kabla hajaona hata kijibomba kimoja kikilifikia yai!

Mwalimu akashusha pumzi. Akasema nafasi ya mwisho ni Jumatatu, saa nne asubuhi: nieleze kwa mdomo jinsi seli zinavyosikilizana. Nisipofika, kwaheri.

Ijumaa, 8 Machi
Kamusi ameshagundua wizi wa chavua. Hata hivyo amejitolea kunifundisha, kwa sharti moja: ninyamaze. Nikamwarifu kwamba kiongozi hasikilizi, husikilizwa. Akaniambia, haya kaka, kila la heri.

Sijafungua daftari. Nimeandika hotuba ya kurasa tisa kuitetea seli iliyokufa. Mabango tayari yamebandikwa: mkutano wa hadhara, uwanja wa michezo, Jumatatu, saa nne asubuhi kamili. Msemaji ni mimi.