Mwakilishi Wangu wa Karatasi

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeamua. Naanza Pilates. Kumbukumbu ya mwaka mmoja wa Nhan ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 16. Siku kumi na mbili! Mtu mwenye akili zake anahitaji siku ngapi kujifunza kuinama?

Maelezo kidogo, endapo daftari hili litaokotwa. Mke wangu Nhan alifanya Pilates, mazoezi ya mgongo na pumzi, miaka minne, kila asubuhi, hapa hapa sebuleni, juu ya mkeka wa zambarau. Kila asubuhi aliniambia njoo Khiem, dakika kumi tu, utaupoteza huo mgongo. Kila asubuhi nilimjibu: Jumatatu. Hospitalini, siku zake za mwisho, akanishika mkono akaniomba tena. Nikamwahidi. Jumatatu, nikasema. Akacheka. Hakufika Jumatatu.

Mazishini watu wote walipiga magoti mbele ya jeneza na kugusa sakafu kwa paji la uso. Mimi nilisimama. Nikasema desturi haimlazimishi mume kumsujudia mkewe. Ni kweli, haimlazimishi. Lakini kaka yake, Thuyet, mwenye miaka sabini na mmoja, naye hakulazimishwa, na alishuka mara tatu akapanda mara tatu bila kushika kiti. Halafu akanitazama. Ukweli ni kwamba ningeshuka, nisingeinuka. Aliyelijua hilo ni Nhan peke yake, naye alikuwa ndani ya jeneza.

Safari hii nitasujudu. Mara tatu. Bila kushikwa na mtu.

Niliutandaza mkeka. Nikaukunja tena. Nilikuwa nimeshakula, na haifai kufanya mazoezi tumbo likiwa limejaa. Kesho.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda darasani, jumba la utamaduni la mtaa. Wanawake kumi na mmoja na mimi. Mama mmoja mwenye jino la dhahabu akamuuliza mwenzake kama huyu ndiye Bwana Jumatatu. Darasa zima likacheka. Kumbe Nhan alikuwa akiwasimulia!

Mwalimu anaitwa Vy, binti mdogo mwenye shingo ndefu, ndiye aliyemfundisha Nhan. Akaniambia niulaze uti wa mgongo kwenye mkeka mfupa mmoja baada ya mwingine. Yangu ilishuka yote kwa pamoja. Jengo lilisikia.

Baadaye akanieleza kwamba siri si darasa, mzee, siri ni kuyaingiza mazoezi katika maisha ya kila siku. Ukiinuka kitini, toa pumzi. Ukibeba ndoo, vuta kitovu ndani. Ukipiga mswaki, simama kwa mguu mmoja. Dakika kumi za kila siku zinashinda saa nzima ya mara moja.

Nikamwuliza kama maana yake ni kwamba darasa si la lazima. Akasema hakusema hivyo. Mimi nilisikia hivyo.

Nyuma kushoto, karibu na feni, pana nafasi ya mkeka mmoja ambayo hakuna anayeichukua. Ni ya Nhan. Vy aliniambia naweza kutandika pale. Nikasema feni itaniletea mafua. Feni ilikuwa imezimwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Maisha ya kila siku, siku ya kwanza. Mswaki kwa mguu mmoja. Nimeng'oa bomba la taulo, na taulo, na kipande cha ukuta. Nimehamia mswaki wa kukaa.

Saa tatu, chesi na mzee Loc, nje ya duka lake la chai. Mpango ulikuwa mzuri sana: kucheza huku nikivuta kitovu ndani na kupumua kwa mbavu, hakuna atakayejua. Hatua ya sita Loc akapiga kelele kwamba Khiem amebadilika rangi! Wakaja majirani. Wakanivua shati, wakanipaka mafuta ya mnanaa, wakanikwangua mgongo kwa kijiko, dawa ya kutoa upepo mbaya mwilini, mpaka ukawa mwekundu kama pilipili. Nilijaribu kueleza. Mtu anayekwanguliwa hasikilizwi.

Na nani akapita kwa baiskeli? Thuyet. Akasimamisha, akauliza kwa sauti ya barabara nzima: "Vipi shemeji, unajifungua?"

Na ile chesi nayo nikashindwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Nililala juu ya mkeka wa Nhan leo. Mara ya kwanza. Nilishuka kwa kushika kiti, kisha kwa kuomba.

Mkeka una mabonde. Madogo, unayahisi kwa mkono: mawili ya visigino, mawili ya mabega, moja la kisogo. Miaka minne ya mtu mmoja. Visigino vyangu vinapita nje ya vyake.

Sikuweza kuinuka. Tangu saa moja na dakika ishirini hadi saa tatu kasorobo. Simu ililia mezani mara sita, najua ni binti yetu Diep kutoka Hanoi, na mimi niko chini nikiitazama dari. Halafu nikageuza kichwa. Kutoka pale unaona uvungu wa meza, na miguu ya kiti changu, na mahali ninapoweka ndala zangu nikisoma gazeti. Kwa hiyo miaka minne Nhan alihesabu pumzi zake akitazama miguu yangu. Na mimi nilichowahi kumwambia nikiwa pale juu ni kwamba asogee, ananizibia njia ya chupa ya chai.

Nililia. Si kidogo.

Niliushika mguu wa meza, nikapanda. Nimeamua kutolala tena kwenye mkeka ule, nisije nikayafuta mabonde yake. Ni sababu ya heshima kabisa, na ninafurahi kwamba inaafikiana na mgongo wangu.

Jumapili, 10 Novemba

NIMEPATA! Sijui kwa nini sikuliwaza mapema.

Kila mtu huwapelekea marehemu wake vitu vya karatasi. Nguo, nyumba, pikipiki, simu. Unachoma, vinafika. Na mtu mwenye mkosi huchomewa sanamu ya karatasi ibebe mkosi kwa niaba yake. Basi! Nikichoma sanamu ya karatasi ya Khiem, Khiem anafika kwa Nhan, anatandika mkeka, anafanya Pilates kila asubuhi. Ahadi imetimizwa na hakuna mfupa uliosogea.

Nimekwenda kwa Bi Tam, fundi wa vitu vya karatasi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ameshatengeneza wapishi, madereva, na mlinzi mmoja mwenye mbwa. Mume wa kufanya mazoezi, miaka arobaini ya kazi, hajawahi. Akauliza awe amelala au amesimama. Nikasema awe anaweza kuinama. Akasema hilo haliwezekani, ndani ni fito za mwanzi, na mgongo wa mwanzi haupindi. Nikamwambia basi tumefanana tosha.

Nimeagiza tumbo lipunguzwe na nywele ziongezwe. Na mikeka miwili ya zambarau.

Jumatano, 13 Novemba

Mwakilishi yuko tayari. Kijana mzuri! Kiuno chembamba, nywele kama brashi, suruali ya mazoezi. Kifuani Bi Tam ameandika jina na mwaka wangu wa kuzaliwa, Bui Khiem, 1956, asije akapotea njiani. Nimempakia nyuma ya pikipiki. Watu wawili walimwamkia.

Njia panda nikakutana na Thuyet. Akamkagua juu mpaka chini, akasema: huyu ndiye angemfaa dada yangu. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama nakula vizuri. Simwelewi mtu yule.

Diep akafika mchana kusaidia maandalizi. Nilikuwa jikoni. Nikasikia yowe. Mwakilishi nilikuwa nimemkalisha kwenye kiti changu, na Diep alikuwa amesoma kifua chake. Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa shule analijua: mzigo wa marehemu huandikwa jina la marehemu. Jina la mtu aliye hai halichomwi pamoja na vitu vya maiti, labda kama mtu huyo ameamua kuondoka.

Diep alikaa kwenye ngazi akalia. Akaniuliza kama nataka kumfuata mama. Nikasema hapana mwanangu, ni kwa ajili ya mazoezi tu. Akalia zaidi. Akasema Ijumaa alipiga simu mara sita, na mara ya sita alikuwa tayari amevaa viatu.

Sikuwa nimefikiria viatu vya Diep.

Akafuta machozi, akatandaza taulo sakafuni, akasema haya Baba, karatasi weka kando, mimi na wewe, dakika kumi. Akaweka kiganja chake chini ya mgongo wangu. Kiganja ni cha mama yake, kile kile, kikavu na cha moto. Niliweza dakika nne. Halafu nikasema lazima nikamwangalie kuku.

Jina amelibandua. Alipokwenda sokoni nimeliandika upya, dogo, kwenye unyayo wa mwakilishi.

Ijumaa, 15 Novemba

Mazoezi ya kusujudu, jikoni. Kushuka: vizuri. Kupanda: kwa kiti tu. Mpango: kigoda chenye kitambaa cheupe kando ya madhabahu, kana kwamba ni cha maua. Nitakiegemea kwa hila. Hakuna atakayeona.

Jumamosi, 16 Novemba

Watu walijaa. Kuku, wali wa kunata, machungwa, picha ya Nhan katikati ya moshi wa udi, ananitazama kama anayengoja nimalize kusema uongo.

Shangazi yake mkubwa aliingia, akaona kigoda, akayashusha maua chini, akakikalia.

Thuyet akasujudu mara tatu. Diep mara tatu. Wakanitazama. Mtu mmoja akasema kwa wema kwamba mume halazimiki. Nikasema najua.

Nikashuka. Goti, goti, mikono, paji la uso kwenye kigae. Kigae kilikuwa baridi. Nilifurahi kupita kiasi! Kisha nikajaribu kupanda.

Nilitoa pumzi kama Vy alivyosema. Nilivuta kitovu. Hakuna kilichosogea. Shangazi akaanza kulia, akawaambia wenzake tazameni alivyompenda. Wakalia wote. Nami kule chini nilikuwa natafuta cha kushika, mara nikaona kwamba natazama uvungu wa meza, kutoka kimo kile kile alichokuwa akitazamia Nhan. Nikamwambia samahani, polepole, kwenye kigae. Mwaka mzima sikuwa nimelisema neno hilo. Baada ya hapo sikutafuta tena cha kushika.

Nikahisi bega chini ya kwapa langu. Thuyet alikuwa amepiga magoti kando yangu, kana kwamba anaongeza sijida ya nne. Akaninong'oneza sikioni: "Toa pumzi, shemeji. Taratibu. Tunapanda wote." Tukapanda wote. Niliinama mara moja badala ya tatu, na hakuna aliyehesabu.

Uani tukachoma vitu. Nguo, kofia, mikeka miwili, mwakilishi. Alianza kuungua miguuni, kwa hiyo jina lilitangulia. Nywele zilikwenda kwa mpigo mmoja. Mgongo ndio uliobaki mwisho, umenyooka, mpaka ukapasuka.

Thuyet akasimama nami mpaka majivu. Akasema mgongo wangu aliujua zamani, Nhan alimwambia. Akaniuliza, na kule kuinama kwake, ninadhani kumetoka wapi? Nhan ndiye aliyemfundisha, mwaka juzi, kwao, kila Jumapili. Alimwambia kaka, nahitaji mtu wa kumshika Khiem siku atakapokubali. Akaniambia atakuja saa kumi na mbili asubuhi na mkeka wake, tufanye pamoja, kila siku, niseme tu tuanze lini.

Nikamshika mkono. Nilikuwa nalia na nilimaanisha kila neno. Jumatatu, nikasema.

Jumatatu, 18 Novemba

Manyunyu. Thuyet alibisha saa kumi na mbili kamili. Nikamjibu kupitia mlango kwamba nina mafua. Akasema mafua yana dawa yake, fungua. Nikasema ni mafua mabaya.

Tufikiri kama watu wazima. Mwakilishi ameshafika. Hivi sasa, asubuhi hii, yuko naye. Ametandika kushoto kwake, kiuno chembamba, nywele zote, haulizi chupa ya chai, hasomi gazeti. Nhan anamhesabia, moja, mbili, vuta pumzi, na kiganja chake kiko chini ya mgongo wa yule bwana. Ahadi inatimizwa na mtu anayejua kazi. Kuna haja gani ya watu wawili?

Namwonea wivu mpaka kifua kinaniuma.

Nimeutandaza mkeka wake sebuleni, mtupu, nisiyafute mabonde. Nimekaa kwenye kiti changu, ndala mahali pake. Thuyet hajaondoka. Yuko kibarazani anafanya peke yake, anahesabu kwa sauti ili nisikie.

Jumatatu ijayo, Nhan. Safari hii kweli.