Gati la Mtumba

Gaudence aliingia Dodoma mwezi wa pili, mwaka ule wa El Ninyo, akiwa na viatu vyeupe, shati la maua na sababu zake za kutoonekana Dar es Salaam kwa muda. Sababu zenyewe tuziache. Zilikuwa tatu, na moja ilivaa sare ya polisi.

Alipanga chumba Makole, akakaa wiki mbili akiutazama mji kama daktari anavyomtazama mgonjwa mwenye fedha. Jumapili ya tatu akaona dalili. Watumishi wa serikali, wametoka kanisani na nguo zao za heshima, walikuwa wanajazana kwenye pikapu kuelekea mashariki. Akapanda nao.

Walishuka Mtumba. Mtumba ya wakati huo haikuwa na wizara hata moja. Ilikuwa na mtama, mbuzi, na mnada wa ng'ombe kila mwisho wa mwezi. Lakini mvua za mwaka ule zilikuwa zimevuka kiasi, na mbuga yote chini ya kijiji ilikuwa maji matupu mpaka kule kwenye mwinuko. Watu hawa wenye kwao Tanga, Mwanza na Bukoba, waliokula vumbi la makao makuu miaka nenda miaka rudi, walisimama ukingoni wakayatazama. Hawakuwa na la zaidi, maana hatua moja mbele ilikuwa tope la magotini. Karani mmoja wa masijala, Respicius, alikuwa amevua viatu na soksi kabisa, halafu akabaki amevishika.

"Kwetu Bukoba," alisema bila kuulizwa, "jioni unatembea kando ya ziwa mpaka njaa inakurudia."

"Na hapa utatembea," Gaudence akamwambia. "Ina maana hamjaambiwa habari za gati?"

Respicius hakuwa ameambiwa. Hata Gaudence mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anasikia.

Kufikia Jumatano alikuwa na picha, kadi kuukuu za posta alizookota katika marobota ya mitumba sokoni: mji wa pwani huko ughaibuni, gati refu la mbao limeingia baharini, taa juu, vibanda pembeni, na wazungu wanakula askirimu bila wasiwasi wowote. Alizizungusha maofisini wakati wa chai.

"Ni soko huria, ndugu zangu," alisema. "Zamani gati lilikuwa mali ya serikali. Leo hata wewe unaweza kumiliki kipande. Vibanda ni vinane tu. Mimi ningependa wapate wenyeji kwanza, kabla Waarabu wa Dubai hawajajibu barua yangu."

Respicius alinunua kibanda siku hiyohiyo, na wenzake sita wakafuata kabla chai haijapoa. Stakabadhi ziliandikwa kwa mwandiko mzuri sana. Mpango wa Gaudence ulikuwa rahisi: asimamishe hatua ishirini za gati ili watu wapate pa kukanyaga, auze kibanda cha nane, kisha apande basi la Singida kabla maji hayajakauka. Fundi Kefa alileta mirunda, mbao na misumari ya nchi nne, na kazi ikaanza.

Kibanda cha nane ndicho kilichomponza.

Pale mbugani alimkuta mama mmoja akichuma mlenda. Jina lake Anyesi, Mgogo wa palepale Mtumba, aliyekuwa mpishi katika kantini ya shirika moja la umma mjini kwa miaka kumi na tisa mpaka walipompunguza kazini. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kwenye fundo la khanga, na kila mtu kijijini alijua anatafuta mahali pa kufungulia jiko lake. Fungu hilo likipotea, Anyesi hana lingine, na umri wa kuajiriwa ulishampita. Nalisema hili ili msomaji amchukie Gaudence kidogo. Anastahili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbukwa."

Gaudence akaitika salamu ya Kigogo asiyoijua. "Mama, maji haya hukaa mpaka lini?"

Anyesi aliyatazama maji, akatazama viatu vyeupe. "Mwaka huu ni mengi. Mpaka Saba Saba utayakuta."

"Basi nikuuzie kibanda kwenye gati langu. Boti zitakuwa zinatoka Dar es Salaam moja kwa moja."

Huyu mama alikuwa amewapikia wakurugenzi miaka kumi na tisa. Hakucheka.

"Boti ni nzuri," alisema. "Nitanunua. Ila gati lako fupi, baba. Likifika kule kwenye mwinuko, nakuletea fundo lote."

Fundo lote. Gaudence hakupata usingizi mzuri. Kesho yake akamwagiza Kefa aongeze hatua arobaini, na fedha za Respicius na wenzake zikageuka mbao. Anyesi akaja kukagua. Akasema upana hautoshi, watu wawili wenye vitambi hawawezi kupishana. Wakapanua. Akasema mirunda imekaa juujuu, izamishwe mpaka ifike kwenye mchanga mgumu. Wakaizamisha. Akaomba paa la makuti juu ya vibanda, kwa sababu ya jua.

"Mama huyu ni mhandisi?" Kefa aliuliza.

"Ni mteja," Gaudence akamjibu. "Piga msumari."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake mtu huyu alikuwa anafanya kazi halali, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na wala hakujijua. Jumapili watumishi walikuja kutembea juu ya mbao, mikono nyuma, wakisalimiana kama mawaziri. Respicius alitembea kwenda na kurudi mara tisa, akasema njaa imemrudia.

Kisha mvua ikakatika. Gaudence wa pwani alijua bahari hutoka asubuhi na kurudi jioni. Mbuga ya Ugogo haina ratiba hiyo, ikitoka imetoka. Siku ya nne nguzo za mwanzo zilikuwa zimesimama topeni. Siku ya kumi kuku walikuwa wanapita chini ya gati.

"Yatarudi," Anyesi alisema. "Umebakiza hatua sita tu kufika mwinukoni. Alhamisi nakuja na fundo."

Mtu mwenye akili angepanda basi Jumatano. Gaudence alisubiri Alhamisi.

Alhamisi walikuja Respicius na wenzake sita, stakabadhi mkononi, wakitembea kwa hasira juu ya gati walilouziwa. Gaudence alirudi nyuma mpaka ubao wa mwisho. Mbele yake watumishi saba wa serikali. Nyuma yake na pembeni tope jeusi linang'aa, limekaa kama uji uliopoa. Akaruka.

Alizama mpaka mapajani, akasimama wima kama mrunda.

Anyesi alikuwa pale mwinukoni na maksai wawili na kamba, amezunguka mbuga tangu alfajiri, kana kwamba alikuwa na miadi.

"Mama, nitoe," Gaudence alisema. Sauti ya biashara ilikuwa imemkimbia.

"Nitakutoa baba. Huku kwetu ng'ombe akinasa, aliyemchomoa hupewa paja. Ndiyo desturi. Lako wewe sina kazi nalo."

"Chukua fedha."

"Huna fedha, umenunua mbao. Nipe gati."

Tope likapanda kidole kimoja. Respicius, ambaye karatasi na muhuri havikuwahi kumtoka mfukoni hata siku ya mazishi, aliandika hati palepale, akainama ukingoni, na Gaudence akatia sahihi. Maksai wakavuta. Gaudence alitoka. Viatu vyeupe havikutoka.

"Na sisi je?" Respicius aliuliza. "Vibanda vyetu viko juu ya tope."

"Jumamosi ni mnada," Anyesi alimjibu. "Uwanja ni ule mwinukoni, na tope hili halikauki miezi miwili. Kesho Kefa anamalizia zile hatua sita, na asiyetaka kuzunguka mbuga nusu siku atapita hapa juu. Vibanda vyenu ni vyenu. Njoo na soda, mwanangu, uje nazo nyingi."

Jumamosi Gaudence alikuwa Mtumba, peku, anasubiri lori lolote la Singida. Harufu ya nyama ilimfikia kabla hajaona kitu. Gati lote lilikuwa limejaa: wafugaji na fimbo zao, wachuuzi wa ng'ombe kutoka Kondoa, watumishi na watoto wao, wanatembea, wanakula, wanarudi kutembea tena. Soda za Respicius ziliisha saa tano. Kibanda cha nane moshi ulikuwa haukatiki, na mbele yake foleni ndefu. Alisimama akahesabu kila alichowahi kuahidi kuhusu gati, na kila kimoja kilikuwa kimetimia, isipokuwa boti. Moyo ulimuuma kwa namna ambayo hasara za kawaida hazijawahi kumuuma.

Akaweka mguu kwenye ubao wa kwanza. Kefa, aliyekuwa amekaa pale na kopo, akamzuia kwa mkono.

"Shilingi hamsini, bosi. Kiingilio."

"Kefa, gati hili nimelijenga mimi."

"Najua. Misumari nilipiga mimi," Kefa alisema kwa upole. "Hamsini."

Gaudence akapekua mifuko yote, akalipa, akaingia.