Nishati ya Giza Yazinduliwa Rasmi

Serikali ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani, kwamba tatizo la umeme limekwisha. Nchi ilikuwa imejaliwa nishati isiyoisha, isiyohitaji bwawa, makaa wala fundi. Jina lake nishati ya giza.

Aliyeigundua kwa niaba ya Serikali, bila mwenyewe kujua, ni mtafiti wa kituo cha nyota kilichoko kilimani, mama wa maneno machache ambaye mjini walimwita Bi Darubini. Alikuwa ameandika ripoti. Humo alieleza kwamba nyota zilizolipuka huko mbali zinaonekana hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Maana yake ziko mbali zaidi, na ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka, vilivyo mbali zaidi vikitukimbia kwa kasi zaidi. Kinachousukuma hakijulikani, ila wataalamu wamekiita nishati ya giza, nacho ni kama sehemu saba katika kumi za vyote vilivyopo.

Waziri wa Nishati alisoma mpaka alipoona neno la wizara yake, akafunga faili, akamwita.

"Hii nishati, hapa kwetu ipo?"

"Ipo kila mahali, Mheshimiwa. Hata humu ofisini."

Waziri alitazama huku na huku, akaketi vizuri zaidi. "Umeipimaje?"

"Kuna nyota za aina fulani. Zikilipuka, zote hutoa mwanga wa nguvu karibu ileile, kama taa za namna moja. Ukiiona taa imefifia, unajua iko mbali."

"Kwa hiyo taa ikififia si hitilafu?"

"Kwa nyota, hapana, lakini..."

"Katibu, andika hiyo. Taa ikififia si hitilafu."

Bi Darubini alitaka kusema kwamba nishati hiyo haiwashi hata balbu. Lakini Katibu alikuwa ameshamfungulia mlango, na mwenye nguvu mpishe.

Tangu siku hiyo kusema "umeme umekatika" kukapigwa marufuku. Mtaa ukiingia gizani, ilibidi kusema umeunganishwa na nishati mpya. Kinyozi mmoja aliyeachwa na mteja mwenye nusu ya nywele alipiga simu Wizarani kulalamika, akapongezwa. Mume wa Bi Darubini, fundi cherehani, alikaa mbele ya mashine yake, mikono mapajani, nguo za watu zikimtazama.

"Mke wangu," alisema, "wenzako walitutia gizani kwa uzembe. Wewe umetutia kwa utaalamu."

Mume alicheka peke yake. Wiki hiyo nyota moja ya mbali ilikuwa imeonekana ikilipuka. Mwanga wa nyota kama hiyo hupanda, kisha hushuka, na asiyeufuata unaposhuka hawezi kuujua umbali wake. Nayo Wizara, kwa kuuenzi ugunduzi, ilikuwa imekifanya kituo cha Bi Darubini kiwe cha kwanza kuondolewa kwenye umeme wa kizamani. Darubini iliinamisha shingo. Mwanga uliosafiri mamilioni ya miaka ulikuwa ukifika na kukuta mlango umefungwa, na Bi Darubini alijisikia kama mwenyeji aliyemfungia mgeni nje.

Alikwenda Wizarani kusema ukweli. Ofisa alimsikiliza kwa adabu, akamshauri ukweli auwasilishe baada ya sherehe ya uzinduzi rasmi. Hapo akaelewa kuwa hawa wana lugha yao. Akaomba kuhutubia kwenye uzinduzi wenyewe, akapewa nafasi kwa shangwe.

Ukumbi ulijaa wageni na waandishi wa habari. Nje, jenereta la Wizara lilinguruma.

"Sifa kuu ya nishati ya giza," alisema Bi Darubini, uso mkavu, "ni kwamba haina upendeleo. Imetandaa sawasawa kila mahali. Sasa ikiwa wananchi wanayo, halafu Wizara haina, sayansi inabaki na jibu moja tu: Wizara iko nje ya ulimwengu."

Makofi yalilipuka. Kinyozi alipiga ya kwake akiwa amesimama juu ya kiti. Waziri, kamera zote zikimwelekea, alitabasamu kama aliyemeza mfupa, akatangaza kwamba jengo la Wizara na nyumba yake vitaunganishwa siku hiyohiyo, na jenereta litiwe kufuli.

Umeme uliokuwa ukienda huko sasa ulihitaji pa kwenda. Mafundi wakamuuliza mtaalamu wa nishati aliyekuwa karibu, naye akawaonyesha kilima, kupitia mtaa wa washonaji.

Nyota ilikuwa bado haijafifia kabisa. Alipoipata kwenye kioo, nukta ndogo, nyekundu kidogo, Bi Darubini alivua miwani akaifuta mara mbili, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akaanza kupima.

Haukupita muda, Waziri aliamua kuisitisha nishati ya giza kwa manufaa ya taifa. Lakini kipaza sauti hakikuwaka, redio ya Wizara haikuwa hewani, na Katibu alikuwa amekwama kwenye lifti pamoja na hotuba. Basi Mheshimiwa akatoka kwenye roshani, akawa anaita na kupunga mikono.

Watu barabarani wakainua vichwa.

"Anasemaje?" aliuliza mpita njia.

"Nadhani anazindua kingine," kinyozi akamjibu.

Umati ukaanza kuondoka. Waliokuwa karibu walitembea. Waliokuwa mbali walikimbia.