Nguzo Zipite kwa Mwingine

Redio, kinyozi wetu, alifika kijiweni kitambaa cha mteja bado kiko begani, tukajua hapo habari ni nzito.

"Tangazo limebandikwa kwenye ofisi ya serikali. Umeme mkubwa unakuja, na nguzo zinakatiza katikati ya msitu. Mpima ardhi anapita leo kuchukua sahihi."

Macho yote yakamwendea Nta, mwenyekiti wa wafuga nyuki, mwenye mizinga arobaini humo msituni. Bila sahihi yake hakatwi mti. Mimi nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Upande wangu wa pili alikaa Cheche, mchomelea vyuma, mume wa binti yake. Tangu aoe, Cheche hajawahi kubishana na mkwewe uso kwa uso. Ni heshima. Akiwa na neno ananipitishia mimi, ingawa kati yao ni hatua mbili tu.

"Mwambie baba mkwe," Cheche akaanza, "jenereta langu linakunywa mafuta kuliko ninavyokunywa maji. Umeme usipofika mwaka huu nafunga karakana, na binti yake namrudishia, na watoto wanne juu."

Nikamgeukia mzee. "Baba, anasema umeme ni muhimu."

"Nimemsikia. Mwambie hao watoto awalete, asali ipo, maana msitu upo."

"Anasema watoto anawasalimia."

"Nyuki wenyewe wana mabawa," Cheche akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Si wahame?"

"Anauliza nyuki hawajambo?"

Mama Kahawa alicheka hadi akamimina kahawa nje ya kikombe cha mteja. "Mimi nataka vyote. Nataka friji, na nataka na mto. Huo mto unatoka humo msituni. Ukikauka, kahawa mtaitafuna."

"Maendeleo lazima yamuumize mtu," Redio akasema.

"Mtu gani?" Nta akauliza.

"Si mimi. Saluni yangu iko mbali na nguzo."

Cheche akasimama, mkono mmoja kiunoni, kama anagombea kiti. "Mwambie mzee, kila mmoja ajitolee. Ukiwa umesimama kwenye njia ya maendeleo, unapisha. Mimi ningekuwa mti ningejiangusha mwenyewe, nisisubiri shoka."

Hilo nililifikisha lilivyo, neno kwa neno.

Nta alikuwa bado analitafuna wakati mpima anaingia na ramani kwapani. Akaitandaza juu ya benchi, akampa Nta kalamu.

"Mzee, weka sahihi hapa."

"Kwani hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Kuzunguka kando ya barabara. Nguzo kumi na tisa zaidi, ila umeme utafika mwaka huuhuu."

"Mbona hamkuichukua hiyo?"

"Kuna kibanda kimejengwa ndani ya eneo la barabara, pale kwenye kona. Itabidi kiondoke kufikia Ijumaa."

Kibanda hicho kila mtu anakijua. Kina mageti matatu mbele na jenereta nyuma. Cheche akaketi taratibu.

"Si ungejiangusha mwenyewe?" Redio akamuuliza.

"Nilisema mti. Mti hauna wateja. Halafu pale kwangu kuna mijusi, wamezaliana miaka. Nao ni wanyamapori."

"Mijusi wana miguu," Mama Kahawa akasema. "Si wahame?"

Nta akamrudishia mpima kalamu bila kuandika kitu. "Pitisheni barabarani." Kisha akanigeukia. "Mwambie mkwe wangu nyuma ya nyumba yangu kuna uwanja. Ahamishie karakana pale, umeme ukifika ajiunganishie. Ila alfajiri asigonge vyuma."

Nikafikisha. Cheche akasema, "Mwambie baba nimeshukuru." Sauti ilikuwa ya kweli.

Wakaenda kuanza na mageti. Geti moja ni la watu wawili; Redio akasema mteja anamsubiri, na mimi kiuno changu kibovu kinajulikana. Nta akashika mbele, Cheche nyuma, wakapita mbele yetu wakiyumba.

"Baba, kata kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwako, baba. Hapana, kulia."

"Wewe kijana, amua."

"Baba, nimeamua, ni wewe husikii."

Walibishana hivyo hadi wakapotea kwenye kona, na mimi nikabaki benchini sina kazi.